Nakshi Mkononi mwa Nargis

Weston, Toronto
12 Februari 2012

Kwa dada yangu Naseem,

Salaam alaikum. Nakusalimu nikiwa nimekaa dirishani, blanketi miguuni, chai ya tangawizi inapoa pembeni kwa sababu leo sina muda nayo. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa magoti, nayo nimeshayazoea kama mtu anavyomzoea jirani mkorofi. Wewe je? Sukari unapima kweli, au unamwongopea daktari kama mwaka jana? Shemeji mguu wake umepoa? Nisalimie wote hapo Tanga, mmoja mmoja kwa jina, usiwasalimu kwa jumla kama unavyopenda kufanya ukiwa na haraka.

Huku theluji inaanguka tangu juzi. Kutoka ghorofa ya tisa mto Humber siuoni, naona tu mahali ulipo, miti imeinama pande mbili na katikati pameachwa weupe. Treni inapita kule chini na sauti yake hainifikii. Siku kama hizi mtu anaweza kuswali, akanywa chai, akaosha vyombo, na bado hana hakika kama ameamka. Basi ukiona mahali barua hii inaelea, nisamehe, ni hali ya hewa.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Dada, simu yako ni redio ya mtaa. Ukiipokea unaweka sauti juu, anasikia shemeji, anasikia mpishi, na mama mkwe wa Nargis akiwa amekuja kukutembelea naye anasikia. Ninayotaka kukwambia ni ya macho yako peke yako. Nasrudin, jirani yangu wa ghorofa ya nne, anasafiri Jumanne kuja huko Tanga kumwona mama yake, nimemkabidhi bahasha mkononi na nimemwapisha.

Wewe mwezi wa tatu unakuja huku, inshallah, kumpokea mjukuu. Safari hii viza umepewa, Mungu ashukuriwe. Nargis tumbo limeshamtangulia mlangoni, anatembea huku ameshika kiuno na anacheka hovyo. Ukifika atakukumbatia, na mkono wa kushoto wa nguo ukipanda utaona kitu upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko. Hatakificha, maana anakionea fahari. Nataka ujue kilikotoka kabla hujakiona, kwa sababu kosa ni langu, na wewe nakujua, utamfokea mtoto kwanza halafu ndiyo uulize.

Nianze na harusi, ile uliyoikosa. Julai ya mwaka 2010, wewe umekaa Tanga unalilia viza, mimi huku nimeachiwa nafasi ya mama. Unakumbuka niliapa kwamba Nargis hatakosa kitu. Basi upande wa Kazim wakaleta maneno kwamba hina ya bibi harusi ingefaa achore Shelina wa Brampton, yule anayechora kwa mtindo wa Dubai na kubandika vipambo vinavyometameta. Waliniambia kwa adabu, eti nipumzike. Nipumzike! Mimi niliyeshika koni ya hina tangu nina miaka tisa, kwenye mkeka wa mwalimu wetu Khatijabai! Nikasema mpwa wangu nitamchora mwenyewe, na nitamchora nakshi ambayo haijaonekana Toronto nzima. Kiburi, dada. Sina jina jingine la kukipa.

Sasa hapa kituo changu cha basi kiko mbele ya duka la tatuu. Mwanzoni nilikuwa nikiligeuzia mgongo, nikiona ni mambo ya mabaharia na wahuni. Halafu siku moja ya mvua nikajificha mlangoni, na mwenye duka akanifungulia. Ni mwanamke wa makamo, mnene wa kiungwana, anaitwa Mirlande, kwao Haiti. Hakunitazama uso, alinitazama ncha za vidole zilivyokolea hina, akaniuliza kama mimi ndiye ninayechora au ninachorwa. Nikamwambia. Akavuta kiti. Kuanzia siku hiyo mabasi mangapi yamenipita, sijui.

Ukutani kwake pamejaa michoro ya kwao, ya vudu, na usishtuke, mimi mwenyewe nilishtuka kwa niaba yako. Tulizoea kusikia vudu ni masanamu ya kuchomwa sindano. Mirlande alicheka mpaka akafuta machozi. Alinieleza kwamba michoro ile, wao huiita veve, kwao haichorwi mwilini. Huchorwa chini, sakafuni, kwa unga wa mahindi unaoachiliwa katikati ya vidole viwili, na kila mchoro ni wito wa mmoja wa hao wakubwa wao wa ghaibu. Halafu watu hucheza juu yake mpaka unga wote unapotea miguuni. Mchoro ukishafutika ndiyo umefanya kazi. Yeye kazi yake hapa ni kuuzuia usifutike, na alisema mama yake hakuwahi kumsamehe kwa hilo. Nilimwambia hina yetu nayo hudumu wiki mbili tu. Tukatazamana kama watu waliogundua wana babu mmoja.

Alinifundisha maana zake kidogo kidogo. Moyo wenye mapambo ni wa bibi mmoja mzuri anayependa manukato, anayelia kila sherehe inapokwisha kwa sababu mapenzi hayamtoshi. Huvaliwa na wanawake walioachwa, na siku hizi na wasichana wasiojua chochote. Njia panda yenye mkongojo ni ya mzee anayefungua milango. Huyo huitwa kwanza kabla ya wote, na madereva na wahamiaji wanampenda. Nyoka wawili wanaotazamana ni wa utulivu, na mvua, na mambo ya kale kabla ya maneno. Nilikuwa nikirudi nyumbani mistari ile inanitembea machoni. Nikifumba macho kwenye basi naona unga unamwagika wenyewe, polepole, juu ya sakafu isiyo na nyumba.

Na kulikuwa na mmoja aliokuwa ameutenga peke yake, nyuma ya kiti chake. Msalaba juu ya ngazi, lakini umepambwa kwa majani na nyota hata usionekane msalaba, na huku na huku visanduku viwili vidogo vya pembe sita. Uzuri wake, Naseem! Umelingana, umetulia, una nafasi katikati kama uliumbwa kwa ajili ya kiganja na mkono. Huo sikuuliza maana yake. Na wewe unajua kwa nini. Sisi watu wa hina hatuombani nakshi, tunaibiana kwa macho. Ukiuliza tu, mwenzako anajua unataka kuibeba. Basi nilikuwa nikinywa kahawa ya Mirlande na kuutazama kwa pembeni, siku tano, mpaka nikaumaliza. Khatijabai alikuwa akisema usichore ua usilolijua jina, na akitupiga vidole kwa kijiti. Nilimkumbuka, wallahi nilimkumbuka, nikajisemea Khatijabai hakuwahi kuishi Toronto.

Siku ya hina nilimkalisha Nargis saa sita nzima. Kiganja, mgongo wa mkono, mpaka juu karibu na kiwiko. Wanawake wakaacha kula wakaja kutazama. Shelina mwenyewe alikuja, akainama, akasema mashallah bila kutaka. Unajua desturi, jina la bwana harusi lazima lifichwe ndani ya nakshi, alitafute mwenyewe. Mimi nikakitazama kile kisanduku cha upande wa kushoto, kilivyo kitupu, kilivyokaa kusubiri, nikaandika humo Kazim, kwa herufi ndogo kama chembe za ufuta. Alitafuta nusu saa nzima huku watu wanamcheka. Alipoliona akalibusu. Ile picha uliyotundika sebuleni kwako, Nargis ameinua mikono usoni, ndiyo hiyo. Hina ilikolea nyeusi kabisa, wakasema mama mkwe atampenda, na kweli anampenda.

Mwezi wa kumi albamu ilipokamilika nikaichukua kwapani kwenda kumringia Mirlande. Nilifikiri atacheka, ataniita mwizi, tutakunywa kahawa. Alifungua ukurasa ule. Akaweka kidole juu ya kisanduku, akaniuliza hilo ni jina la nani. Nikamwambia. Akafunga albamu taratibu na kuninyang'anya kikombe, kana kwamba aliogopa nitakiangusha.

Mchoro ule, dada, ni wa Baroni. Ni mlinzi wa makaburi, mtu wa kofia ndefu nyeusi na miwani, mwenye pamba puani kama tunavyowatia maiti wetu. Mirlande aliuchora baada ya lile tetemeko la Januari ya mwaka ule ule kule kwao, mama yake alipozikwa na maelfu katika shimo moja, hakuoshwa wala kutajwa jina. Aliutundika nyuma ya kiti ili awe na pahala pa kumzuru. Na vile visanduku ni majeneza.

Nilikaa. Nikacheka kicheko kibaya. Nilikuwa nimeshika mkono wa mtoto wako nikamzika mumewe humo siku ya hina, watu wanakula biriani. Lakini nikajituliza njiani. Nikasema ni hina tu, imefutika tangu Agosti, imeondoka na sabuni, jambo lisilokuwepo halina madhara. Nikatoa sadaka, nikasoma dua, nikalala. Nikaacha kwenda dukani kwa Mirlande.

Januari iliyofuata ndipo Kazim alipopata ajali. Wewe tulikwambia gari liliteleza kidogo akaumia bega. Tulikudanganya sote, kwa shauri moja. Alitoka nyumbani kwao Malvern alfajiri kwenda kazini ghalani Brampton, barabara ina barafu isiyoonekana, na lori likalikanyaga gari lake ubavu mzima. Siku sita hakufumbua macho. Siku sita mwanao alikaa pembeni ya kitanda kile anamsomea, na mimi nikimshika mgongo.

Siku ya tatu Nargis alikunja mikono ya sweta ili amfute mumewe uso. Nikauona. Upande wa ndani, chini ya kiwiko. Si alama ya hina, ni wino, mweusi, umekaa ndani ya ngozi. Kile kisanduku, na jina ndani yake. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, akaniambia kwa haya kwamba hina ilipoanza kufifia alisikitika sana. Kazim alikuwa na kawaida ya kulitafuta jina lake kila siku akirudi kazini, na siku moja alilikuta limebaki herufi mbili. Basi Nargis akaenda duka fulani mjini, akawapa mkono wakafuatisha mistari ya masi wake, ndiyo mimi, mama yake mdogo, kabla haijapotea. Hakukwambia kwa sababu anakuogopa. Mimi hakuniambia akitaka siku moja anishtue kwa furaha.

Siku ya tano nilirudi kwa Mirlande nikilia barabarani bila kujifunika. Hata hakunilaumu kwa kupotea miezi mitatu. Nilimuuliza kama wino ule unaweza kufutwa, akasema kuna mashine, inauma, huchukua mwaka. Halafu akanieleza lile ambalo sikuwa nimemwachia nafasi ya kulisema. Alisema Baroni si muuaji. Yeye ndiye mwenye sepetu. Mtu anaweza kuugua, kuvunjika, kulogwa, lakini kama Baroni hakuchimba, haendi popote. Na ana tabia ya kukataa kuchimba kwa ajili ya vijana na watoto. Akina mama wa kwao humwendea yeye mtoto akizidiwa. Nikamuuliza, basi jina la Kazim kule ndani maana yake amekabidhiwa au amelindwa. Akaniambia hajui, na kwamba hata mama yake asingejua.

Sasa usinihukumu. Kesho yake nilisali alfajiri nikajilaza kwenye kochi na tasbihi mkononi, nje theluji kama leo. Nikamwona amekaa jikoni kwangu. Kofia ameiweka juu ya friji kwa adabu, magoti yamefika kifuani kwa urefu. Alizungumza kwa pua, kwa sababu ya pamba, na alizungumza Kiswahili cha Tanga, Naseem, kile cha barabara ya ishirini. Aliniambia nyumba yako ina baridi, mama, hakuna hata kahawa? Nilipoamka jua limeshatoka. Nilisimama, nikapika kahawa chungu, nyeusi, nikaitia kikombe kizuri cha harusi yangu, nikafungua mlango wa baraza nikakiweka kwenye theluji. Mimi, binti wa nyumba yetu, ninayekaa safu ya mbele ya majlisi kule imambara. Astaghfirullah. Nilikiweka tu, kama unavyomwekea mgeni.

Mchana huo Kazim alifumbua macho akaomba maji. Kule msikitini walikuwa wamemaliza dua ya tawasul, Nargis alikuwa hajalala siku ya sita, madaktari walikuwa na mashine zao. Namshukuru Mungu peke yake, na sitaki kujua zaidi. Kikombe nilikikuta kimeganda, kahawa imejaa vilevile, hakuna aliyeinywa. Nimekihifadhi juu ya kabati na sijakitumia tena.

Haya, Naseem, vuta pumzi, maana hayo yote bado siyo lililonishikisha kalamu.

Kabla Kazim hajatolewa hospitali, mhudumu mmoja wa zamu, mwanamke wa Haiti, aliuona ule mkono wa Nargis. Alimuuliza kama anajua amevaa nini, kisha akajirudi, akasema si kitu, akatoka. Nargis akanigeukia. Hajalala, macho mekundu, midomo imepasuka kwa baridi. Akaniuliza, "Masi, ule mchoro wako una maana gani?"

Nilikuwa na ukweli wote mdomoni, dada. Nilimtazama Kazim na mipira yake puani. Nikasema, "Ni susu, mwanangu. Susu la mtoto. Baba akiandikwa ndani yake, anaitiwa mwana."

Uso wake ulivyofunguka sitausahau. Alisema alijua tu, kwamba linafanana na lile susu letu la mbao tulilolazwa sote, lililoko chumbani kwako. Akaweka kiganja juu yake, akalala papo hapo kwenye kiti, mara ya kwanza tangu ajali. Na Kazim alipopona akawa analibusu upya. Miezi mitano baada ya ajali Nargis akapata mimba. Anamwambia kila mtu: daktari, wanawake wa msikitini, Shelina wa Brampton, kwamba masi wake alimchorea susu na susu limejibu. Tayari wasichana watatu wamenijia niwachoree kama lile kwenye hina zao. Nimewaambia macho yangu hayaoni tena. Nimerudia maembe madogo na mayasmini ya Khatijabai, maua ambayo majina yake nayajua.

Nimejaribu kumwambia mara nne. Mara ya mwisho ilikuwa wiki iliyopita. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, naye akanishika mkono akauweka tumboni, mtoto anacheza, na kwa mkono wa pili, ule wa kushoto, alikuwa anapekua mifano ya vitambaa vya kutandika. Nikauliza anataka rangi gani.

Basi nakuomba, wewe uliye mkubwa. Sikuombi unisamehe leo, hilo tutagombana uso kwa uso jikoni kwangu, na utashinda. Nakuomba hivi: Nargis atakuonyesha mkono wake uwanja wa ndege, kabla hata hujavaa koti, namjua. Jina la mumewe utaliona ndani ya jeneza. Usimeze mate, usinitazame mimi. Sema susu zuri. Sema kama mama anavyosema, uliseme kama jambo la kweli, maana siku hizi nami nikilitazama muda mrefu, wakati theluji inaanguka, sijui tena kama nilimdanganya.

Njoo na hina ya unga ya nyumbani, ya hapa inanuka dawa. Njoo na shuka la lile susu letu, Nargis ameliomba. Msalimie shemeji, na mama mkwe wa Nargis mpe salamu zangu za heshima bila nyongeza yoyote. Mungu akufikishe salama, akuonyeshe mjukuu, na wote watatu, baba, mama na mtoto, awahifadhi.

Barua hii ukishaisoma ichome. Usije nayo, hata ndani ya kiatu. Nargis ndiye atakayefungua mizigo yako.

Ni mimi mdogo wako,
Marziya